Redio ya gari inakwaruza: nihamie redio ya setilaiti?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah iliyotoka Japani. Redio yake haikuwa inashika stesheni zetu, nikafungiwa ekspanda, kile kifaa cha kushusha masafa. Sasa inashika, lakini ina chenga hata nikiwa Mbeya mjini, stesheni mbili zinaingiliana, na nikikanyaga mafuta kuna mluzi unaopanda. Nikishuka Tukuyu inapotea kabisa. Shemeji yangu aliyeko Marekani ananishauri ninunue redio ya setilaiti, eti haijali milima. Nifanyeje? – Dereva, Uyole

JIBU: Marahaba. Nianze na ushauri wa shemeji, maana huo ndio utakaokutia hasara. Kwa huko aliko anasema kweli, kwa sababu kampuni ya redio ya setilaiti ya SiriusXM inahudumia Marekani na Kanada. Afrika tuliwahi kuwa na WorldSpace, ambayo setilaiti yake ya AfriStar ilirushwa mwaka 1998, lakini kampuni ikafilisika mwaka 2008. Kifaa cha shemeji ukikifunga Uyole kitakaa kimya. Na hata huko Marekani wasikilizaji hulalamikia sauti, kwa sababu vipindi vingi hubanwa ili vienee kwenye nafasi ndogo ya masafa, na muziki ukibanwa hivyo hupoteza ung'avu. Redio ya namna hiyo ikikosa mawimbi haikwaruzi, hukatika. Chenga zako ni za FM, na zinatibika.

Kabla hujanunua chochote, chomeka flashi au weka CD, usikilize injini ikiwa inanguruma. Sauti ikitoka safi, spika zako ni nzima na tatizo linaingilia njia ya antena. Mluzi ukibaki hata kwenye flashi, tatizo liko kwenye umeme wa redio yenyewe. Jaribio hili ni la dakika chache, na linazuia watu kubadilisha spika zisizo na kosa.

Sasa ekspanda. Redio nyingi za Japani zimetengenezwa kushika megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ekspanda huzishusha. Kama ni ya megahezi 18, inapunguza 18 kwenye kila stesheni, hivyo ya 98.5 utaikuta kwenye 80.5. Lakini nafasi ya redio yako ni megahezi 14 tu, na zetu ni zaidi ya 20. Hakuna ekspanda itakayoziingiza zote kwa pamoja. Ya 18 inakupa kuanzia 94 hadi 108, na stesheni nyingi za chini ya hapo unazikosa.

Kuingiliana nako kunaanzia hapo hapo. Stesheni ya 106.5 ikishushwa inatua kwenye 88.5. Kama karibu yako kuna mtambo wenye nguvu unaorusha kwenye 88.5 yenyewe, mawimbi yake yanapenya ekspanda bila kushushwa, nazo zinagongana. Unaweza kujaribu ekspanda ya namba nyingine ili stesheni unayoipenda itue mahali patupu. Mimi ningependa zaidi uweke redio inayoshika 87.5 hadi 108 moja kwa moja, kwani ekspanda ni kiraka, na zile za bei ya chini huongeza chenga zao wenyewe.

Hata hivyo, chenga ukiwa mjini kabisa, karibu na mitambo, zinanifanya nishuku antena kwanza. Magari mengi ya Kijapani yana antena iliyochorwa kwenye kioo, na antena hiyo ina busta ndogo, yaani kikuza mawimbi, inayohitaji umeme wa volti 12 kila redio inapowashwa. Redio ikichomolewa, waya huo, mara nyingi wa bluu, husahaulika nje, na busta ikikosa umeme hupokei hata nusu ya kile unachostahili. Mwambie fundi aupime kwa mita redio ikiwa imewashwa, na ahakikishe plagi ya antena imeingia hadi mwisho kwenye ekspanda na kwenye redio. Ekspanda nayo iwe na ethi yake (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) kwenye bati tupu, si kwenye rangi.

Mluzi unaopanda na injini unatoka kwenye alteneta na kupitia waya mbovu. Kagua ethi ya redio na vichwa vya betri, kisha pima alteneta, kwani dayodi iliyokufa huleta sauti hiyo hiyo. Chomoa pia chaja ya simu na kamera ya kioo cha mbele, uzime taa za LED ulizoongeza, kimoja baada ya kingine. Chaja za hovyo nimezikuta zikiharibu redio nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu Tukuyu, hapo hakuna fundi atakayekusaidia sana. Mawimbi ya FM hayapindi milima, na ukishavuka Isyonje kuelekea Kiwira, safu ya Uporoto inasimama kati yako na mitambo ya Mbeya. Mengine yanakufikia yakiwa yamegonga miteremko, yanachelewa kidogo na kuharibu yale yaliyonyooka, ndiyo maana sauti inakoroma ukitembea na kutulia ukisimama. Kama redio yako ina kitufe cha mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kulia na kushoto, kibonyeze, chenga zitapungua. Stesheni za kitaifa hutumia masafa tofauti kila eneo, kwa hiyo hifadhi namba mbili, ya Mbeya na ya huko chini.

Kama waya wa busta una umeme na chenga zimebaki, niandikie ekspanda yako imeandikwa namba gani, na stesheni unazozitaka ziko kwenye masafa yapi.