Uanzie wapi kuusikiliza muziki wa blugrasi
Ndugu muulizaji, umesema unampenda Jim Reeves, yule mwimbaji wa country wa Marekani, lakini blugrasi, muziki wa Marekani unaopigwa kwa ala za nyuzi, unaiona kuwa kelele za banjo (ala ya nyuzi yenye tumbo la ngozi kama ngoma) zinazokwenda mbio. Ushauri wangu ni kwamba usianzie kwenye kasi. Anza na familia ya Carter, kundi la waimbaji waliotangulia blugrasi na waliorekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Marekani, mwaka 1927, na umsikilize mpiga gitaa wao, Maybelle, akipiga sauti ya wimbo kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene za gitaa, huku vidole vingine vikishika mdundo kwenye nyuzi nyembamba.

Kisha mwendee Bill Monroe wa jimbo la Kentucky, mpiga mandolini (ala ndogo ya nyuzi mfano wa gitaa) ambaye bendi yake, Blue Grass Boys, ndiyo iliyoupa mtindo huo jina, hasa rekodi za 1946 na 1947, alipokuwa na mpiga gitaa Lester Flatt na mpiga banjo Earl Scruggs. Scruggs alipiga banjo kwa vidole vitatu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu: noti zinamwagika mfululizo, lakini wimbo haupotei ndani yake. Rudia wimbo mmoja mara kadhaa, kila mara ukifuata ala moja tu. Kwa kuwa bendi hizo kwa kawaida hazina ngoma, mandolini ndiyo inayokata mapigo, jambo ambalo sikio lililozoea ulaini wa Reeves huchelewa kuligundua.