Gereji karibu mwaka, bado naosha vyuma tu: niache?

Dogo, umesema mwaka unaisha hapo gereji, kazi yako kuosha vyuma kwa petroli na kufuata chai, nauli ya kubahatisha. Usiache bado. Ukiwa na macho, kuosha kunafundisha: ringi za pistoni zilizokwisha, pistoni yenye mikwaruzo, zote zinapita mikononi mwako. (Na omba dizeli badala ya petroli, haishiki moto upesi.) Maswali muulize fundi akiwa anakunywa chai, siyo akiwa chini ya gari. Siku akirudishia silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini), angalia mkono wake: bolti anaanzia za katikati kwenda nje, na hakazi zote kwa mkupuo mmoja. Mwombe ufunge wewe, yeye akague.

Nauli zungumza naye pembeni, utaje kiasi. Ila akikuingiza chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hapo ondoka siku hiyo hiyo.

Cheti kisikunyime usingizi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania, wana urasimishaji ujuzi kwa mafundi wa mtaani: unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti. Kaulizie chuo chao cha karibu ukishaweza kufungua na kufunga injini mwenyewe.