Kuazima kitabu cha chuo kingine
Ukitaka kitabu kilicho chuo kingine, je, ni lazima mkutubi wako akuandikie barua ya kuomba? Hapana, si lazima. Vyuo vikijiunga, katalogi zao, yaani orodha za vitabu vyao, zinaunganishwa: unatafuta kitabu, unaona kiko chuo gani na kama kimeazimwa, unabonyeza, na ombi linakwenda moja kwa moja kwenye maktaba yenye nakala. Ikiwa nakala hiyo haipatikani, mfumo wenyewe unalisukuma ombi hadi chuo kinachofuata. Siku nyingi zinaokolewa hapo, maana mara nyingi kinachochelewesha si gari la kuleta kitabu, ni ombi kulala mezani kwa mtu. Vyuo vikuu vya Columbia, Yale na Pennsylvania kule Marekani walianza hivyo mwaka 1999 kwa mpango wao wa BorrowDirect.

Ila usitarajie hayo yote hapa Nairobi. Nimekaa kaunta ya maktaba ya chuo miaka kadhaa: muungano wetu wa maktaba za Kenya, KLISC, ulioanza 2003, nguvu yake kubwa ni kulipia kwa pamoja majarida ya kielektroniki. Kitabu cha karatasi, muulize kwanza mkutubi wako, na ubebe kitambulisho cha chuo.