Maswali ya Wasomaji: Benzi 500 E, Gari Lililopitia Viwanda Viwili

SWALI: Nimeonyeshwa Benzi W124 (ile ya ukubwa wa kati) iliyoandikwa "500 E" kwenye buti, usukani uko kulia kama magari yetu yote. Muuzaji anasema ni ile iliyounganishwa na Porsche. Nitajuaje kama ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usukani wenyewe umeshakujibu. 500 E zote zilitoka kiwandani zikiwa na usukani wa kushoto, hata zile zilizokwenda Uingereza na Japani. Injini ya V8 inajaza chumba kile, na steringi boksi haikupata pa kukaa upande wa kulia. Hiyo uliyoonyeshwa ama imebandikwa herufi tu, ama mtu aliichomeka V8 gereji. Ikiwa ya pili, uliza steringi boksi ilihamishiwa wapi kabla hujauliza bei.

Ukipata ya usukani wa kushoto, fungua boneti usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kabini. Ya Ulaya huanza WDB124036, kisha tarakimu 1, maana yake usukani kushoto. 2 ni kulia. Namba ya injini ianze na 119974. Betri iwe ndani ya buti, si mbele. Kiti cha nyuma kiwe cha watu wawili tu, kwa sababu difu ni kubwa na imemnyima nafasi abiria wa katikati. Mwisho pitisha sumaku kwenye madigadi: yale mapana ya 500 E ni bati, na sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti.

SWALI: Kwa nini kampuni kubwa kama Mercedes-Benz iwape Porsche kazi ya kutengeneza gari lake? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Sababu zilikuwa mbili, na zilikutana wakati mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wa Mercedes-Benz walikuwa wamezama kwenye gari lao kubwa la kifahari, S-Class mpya, W140. Porsche kwa upande wao mauzo yalikuwa yameshuka, wana mafundi na karakana isiyo na kazi ya kutosha. Kazi waliyopewa haikuwa ndogo: kuingiza V8 ya lita 5 yenye valvu 32 kutoka Benzi ya michezo, 500 SL, ndani ya bodi ya W124, pamoja na breki na sehemu kubwa ya miguu ya mbele (mfumo unaoshika magurudumu) ya 500 SL hiyohiyo.

Miguu hiyo ilidai madigadi mapana, na gari likaongezeka upana kwa milimita 56. Ni kama vidole vitatu tu vya mkono, lakini vilitosha kulizuia lisipite kwenye mstari wa kuunganishia W124 katika kiwanda cha Mercedes-Benz huko Sindelfingen, Ujerumani. Ndipo safari zikaanza. Vipande vya bodi vilipelekwa kiwanda cha Porsche, Zuffenhausen, vikaunganishwa katika jengo lililowahi kutengenezewa Porsche 959. Bodi ikarudi Sindelfingen kupakwa rangi, ikaenda tena Zuffenhausen kufungwa injini na vyombo vingine, kisha ikarudi Sindelfingen kukaguliwa na kukabidhiwa. Gari moja lilichukua siku 18. Lilionyeshwa Paris mwaka 1990, likakoma 1995 baada ya magari 10,479. Yale ya mwanzo yana nguvu farasi 326, na kasi imefungwa kwenye kilomita 250 kwa saa. Tangu 1993 liliitwa E 500, kwa hiyo usishangae kuona herufi zimegeuka.

SWALI: E 500 yangu ya 1994 inamisi. Fundi anataka kubadilisha kompyuta ya injini. Nikubali? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Bado. Angalia kwanza inamisi lini. Ikimisi asubuhi yenye unyevu na kutulia injini ikipata moto, fungua vifuniko vya disitributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. V8 hii ina disitributa mbili, moja mbele ya kila hedi, na unyevu hujikusanya nyuma ya rota. Badilisha vifuniko, rota na vikingio vya nyuma yake kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja utarudi gereji.

Ikizidi kumisi kadiri inavyopata joto, shuku nyaya. Benzi za takriban 1992 hadi 1995 zilifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake hukauka kwa joto na kupukutika kama mkate mkavu. Zima gari, ondoa betri, vuta mpira unaofunika nyaya karibu na nozeli, kisha ukunje waya mmoja taratibu. Ukipasuka, seti nzima ibadilishwe. Kuzungushia tepu ni kazi bure, maana ganda limekufa hadi ndani ambako mkono haufiki. Kagua pia nyaya za kifaa cha umeme kinachofungua hewa ya injini: zikigusana, pedali ya mafuta hulegea na taa ya ASR (mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze) huwaka. Kompyuta mpya ukiifunga juu ya nyaya hizo, shoti ileile inaweza kuiunguza.

SWALI: Nyuma ya gari hilohilo inadunda kama lori tupu. Shokapu? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Mara nyingi ni matufe ya gesi ya mfumo unaosawazisha kimo cha nyuma. Gesi ikiisha, mafuta hayana pa kusukumia. Badilisha matufe yote mawili, na mafuta ya mfumo huo yawe yale maalumu yake, si ya steringi.