Mke wangu alichomoa kompyuta nikihariri filamu. Nimrudishe kwao?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 28, ninasoma filamu mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nimeoa, tuna mtoto wa miezi minane, na tumepanga chumba kimoja Tandika. Muhula huu ninadaiwa kazi tatu: filamu fupi ya dakika 12 kuhusu uvumilivu wa wanawake wanaokaanga samaki soko la Feri, insha ya maneno 3,000, na kazi ya kikundi ninayoifanya na mwenzangu Neema. Mwezi huu nilipata pia harusi nne za kupiga video, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili sikuwa nyumbani. Ninalazimika kuhariri usiku, kuanzia saa nne hadi alfajiri.*

*Mke wangu hanielewi. Analalamika mwanga, analalamika LUKU, na wapangaji wenzetu wakinung'unika anawaunga mkono. Wiki iliyopita, siku ya kuwasilisha, saa kumi alfajiri filamu ikiwa inarenda, alichomoa waya wa kompyuta, eti achomeke blenda asage mchele wa vitumbua vyake. Betri yangu ilikufa tangu Januari, hivyo kompyuta ilizimika papo hapo na nikapoteza kazi ya saa sita. Niliwasilisha baada ya siku mbili, nikakatwa alama. Neema alilia alipopata habari. Neema anaelewa maana ya sanaa. Ninafikiria kumrudisha mke wangu kwao Korogwe mpaka nimalize mtihani wa mwisho, na Neema pia anaona ni busara. Naomba ushauri.*

*Msanii Aliyechoka, Tandika.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, na pole kwa alama zilizokatwa, maana kalamu nyekundu ya mwalimu ikishapita haifutiki kwa machozi ya mtu, hata yakiwa ya Neema. Pole zangu zinaishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoirudia nilimwona mkeo akizidi kuwa na haki, nawe ukizidi kuwa mdogo.

Tuanze na hizo saa sita. Huenda ulidhani unamwandikia mama mtu mzima ambaye kompyuta anaiona benki tu. Mdogo wangu wa mwisho anapiga video za harusi tangu enzi za kanda za VHS, wakati kuhariri kulikuwa ni kunakili kutoka mashine moja kwenda nyingine, na ukikosea katikati unarudi nyuma kuanza upya. Nimelala miaka mingi katika chumba kinachopakana na mashine zake, na nimejifunza bila kulipa ada. Ninajua kwamba kurenda ni hatua ya mwisho, ambapo kompyuta inavipika vipande ulivyokwisha kuvipanga na kuvipakua vikiwa faili moja. Umeme ukikatika hapo, kinachopotea ni ule upishi. Mpangilio wenyewe unabaki ndani ya mradi, na programu nyingi za kuhariri za siku hizi hujihifadhia nakala kila baada ya dakika chache bila kuombwa. Mchele ukishasagwa, unarudisha waya ukutani, unafungua mradi, unarenda tena. Filamu ya dakika 12, hata kwenye kompyuta kongwe, hairendi kwa siku mbili.

Sasa nieleze, siku mbili hizo zilikwenda wapi? Ama ulikaa saa sita nzima hujahifadhi chochote, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapaswi kulitamka mbele ya watu, ama filamu haikuwa imekwisha, na waya ulipochomolewa ukawa umepata wa kumtupia lawama. Mimi ninashika hilo la pili. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nawe umesingizia blenda.

Halafu kuna jambo ulilolipita kimya kimya. Hukusema kazi hizo tatu zilitolewa lini. Walimu wa vyuo, pamoja na ukali wao wote, hawana desturi ya kutoa filamu ya dakika 12 Jumatatu wakaidai Ijumaa. Ulipewa wiki kadhaa, na wiki hizo ulizitumia kwenye harusi za watu. Sikulaumu kwa kutafuta riziki, kwa kuwa kijana mwenye mtoto ana haki ya kuhangaika. Ila umetaja harusi nne ndani ya mwezi mmoja, na hukutaja hata mara moja fedha zake zilikwenda wapi. Betri haijanunuliwa tangu Januari. LUKU inalalamikiwa na mkeo, na katika uzoefu wangu anayelalamikia LUKU ndiye anayeinunua. Unaniuliza kuhusu mke asiyekuelewa, na mimi ninaona mtu ambaye umeme anaochezea unatoka kwenye vitumbua anavyovidharau. Neno "eti" uliloliweka kabla ya blenda nililiona, usidhani limenipita.

Hebu nikueleze hiyo blenda ilikuwa inafanya nini, kwa sababu wewe ulikuwa umevaa hedifoni. Mchele wa vitumbua hulowekwa tangu jioni. Saa kumi alfajiri mama anaamka, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni kwa sababu akimlaza ataanza kulia. Anauchuja mchele, anausaga na tui la nazi, anatia hamira, sukari na iliki, kisha anaufunika na kuungoja uumuke. Wakati unaumuka anawasha mkaa. Saa kumi na mbili kasorobo chuma kiko jikoni, mafuta yamo matunduni, na anageuza kimoja kimoja kwa kijiti huku jicho moja likiwa barabarani, maana wateja wake ni watu wa kazini na makondakta wanaowahi gari la kwanza, na mtu wa namna hiyo akikuta vitumbua havijaiva anakwenda kwa jirani na kesho harudi. Mchele ukisagwa saa kumi na moja, biashara ya siku hiyo imekufa. Mkeo ana tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kila alfajiri ya Mungu, hana wa kumwomba nyongeza ya siku mbili, na kwa jinsi ulivyoandika sioni kwamba amewahi kuchelewa. Alikungoja mpaka saa kumi. Mwanamke mwingine angechomoa saa saba.

Nawe, katika usiku huohuo na chumba hichohicho, ulikuwa umeinama unahariri filamu kuhusu uvumilivu wa wanawake wanaosimama mbele ya mafuta ya moto! Hapo nilivua miwani nikaiweka mezani. Ulipanda daladala mpaka Feri na kamera begani kumtafuta mwanamke ambaye umemwacha nyumbani anachuja mchele gizani, tena gizani kwa sababu mwanga wote ulikuwa kwenye kioo chako. Sina shaka picha zako za Feri ni nzuri, kwa kuwa moshi wa asubuhi pale hupendeza. Ila kama mwalimu wako ana jicho, atakuuliza kwa nini wanawake wote katika filamu hiyo wanaonekana kwa mbali.

Kuhusu wapangaji wenzako, sina haja ya maneno mengi. Nyumba yenye mita moja ya umeme na wapangaji kadhaa, kila mmoja anachangia sawa, na kompyuta yako inanguruma usiku kucha. Nani anakutana nao uani asubuhi wakati wewe umelala? Mkeo hawaungi mkono kwa kupenda. Anawalipa kwa unyenyekevu deni ambalo wewe huna hata habari nalo.

Sasa usiku wenyewe. Unasema unahariri usiku kwa sababu unalazimika, na vijana wengi wa fani yako wamejiaminisha kwamba sanaa huja baada ya saa sita za usiku pamoja na majini. Watafiti wawili, Williamson na Feyer, walichapisha mwaka 2000 matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kati ya saa 17 na 19 hufanya kazi kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na katika baadhi ya majaribio hufanya vibaya zaidi. Fanya hesabu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa ya 17 inakufikia saa tano za usiku, yaani saa moja tu baada ya wewe kukaa kitini. Filamu ya dakika 12, kwa picha 25 kila sekunde, ina picha 18,000, na mhariri anabishana na nafsi yake juu ya kuondoa mbili au tatu ili kofi lisikike mahali pake. Kazi hiyo unampa mlevi. Kisha kesho yake unaitazama, unaona haifai, unairudia usiku unaofuata ukiwa mlevi tena, na mkeo anaambiwa anyamaze kwa sababu msanii yuko kazini.

Neema nimemwacha kwa makusudi mpaka hapa. Katika barua yako jina lake nimelihesabu mara nne. Jina la mkeo halimo; yeye ni "mke wangu" kila mahali, kama vile mtu anavyosema kitanda changu. Sisemi pana jambo kati yako na huyo binti, kwa kuwa sijamwona na huenda ni msichana mwema anayetaka kumaliza masomo yake. Lakini mwanamke ambaye hajawahi kuoshea mwanao nepi wala kukununulia uniti kumi za umeme hana gharama yoyote katika kukuelewa, na mtu anayekuelewa bila gharama huelewa haraka sana. Anapofika mahali pa kuona ni busara mke wa mwenzake apakiwe kwenye basi la Korogwe, hapo amekwisha toka kwenye kazi ya kikundi na kuingia kwenye kazi isiyomhusu. Mwambie hivyo kwa adabu. Ukiona inakuwia vigumu kumwambia, basi umenijibu swali ambalo sikutaka kukuuliza.

Na hili si lako peke yako, nalisema kwa kizazi chenu kizima. Mnaoa mkitafuta mashabiki. Mwenzi asiposhangilia kila mnalolifanya, mnasema hanielewi, hanisapoti, kama vile ndoa ni uwanja na yeye amekata tiketi kuja kuwatazama. Zamani mtu alimwoa mwenzake ili washike mpini mmoja wa jembe, na aliyechoka alionekana kwa macho, hakuhitaji kuandika gazetini.

Kwa kuwa unapenda mambo ya filamu, nitakupa mfano wa hukohuko. Alma Reville alikuwa mkata filamu, yaani mhariri, London kabla ya mwongozaji mashuhuri Alfred Hitchcock kuingia katika kazi ya filamu. Walioana mwaka 1926, na akaendelea kupitia miswada na kazi za mumewe kwa miongo. Inasimuliwa kwamba filamu moja ilipokuwa imekwisha kupitishwa na wote, ni Alma aliyegundua kwamba mwigizaji aliyepaswa kuwa maiti bado alionyesha dalili ya uhai. Mwaka 1979, Hitchcock alipopewa tuzo ya heshima ya Taasisi ya Filamu ya Marekani, aliwashukuru watu wanne: mhariri wa filamu, mwandishi wa miswada, mama wa binti yake, na mpishi hodari wa jikoni, kisha akasema wote wanne wanaitwa Alma Reville. Angalia kwamba alimtaja kwa jina. Wewe umewahi kumkalisha mkeo akatazama hata dakika tano za filamu yako? Yeye anajua mafuta yakishika moto yanasikikaje. Neema anajua hilo?

Jibu la swali lako ni hapana, tena hapana isiyo na mjadala. Mke harudishwi kwao kama mzigo uliokosa nafasi chumbani, na ukimpeleka Korogwe kwa sababu ya mtihani, wazee wake watauliza kosa lake ni nini, nawe utawaambia alisaga mchele. Nenda kwa mwalimu, useme ukweli kwamba ulizidiwa, bila kutaja waya. Insha iandikie kwenye maktaba ya chuo, ambako kuna meza, umeme na ukimya, na hakuna mtoto anayelala. Picha zako tengenezea nakala nyepesi ili kompyuta isikohoe kila unapoigusa, na kazi yote iwe na nakala kwenye diski ya nje inayokaa mbali na kompyuta. Hariri kuanzia saa moja jioni, saa nne uzime, umchukue mtoto ili mama yake apate walau saa tano za usingizi. Harusi za mwezi ujao chukua moja, na fedha yake umkabidhi mkeo mkononi kabla hujaihesabia matumizi.

Fedha za mwezi huu nazo hazijaisha zote, ninakujua. Toa humo ya betri na ya ekstensheni yenye matundu manne, uifunge wewe mwenyewe jioni ya leo, na tundu la kwanza liwe la blenda.