Jibu: Utajuaje kama ramani ni ya zamani kweli

Ndugu, umeuliza kama ramani iliyoandikwa 1720 ni ya enzi hizo kweli au ni nakala ya juzi. Tarehe isikutie tamaa: ramani za enzi hizo zilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa mchoro, na bamba hilo lilichongwa mara moja, likaweza kuchapa miaka na miaka, hata mikononi mwa waliolirithi.

Chukua kioo cha kukuzia, mara 10 inatosha. Ukiona rangi zimeundwa na vinukta vilivyojipanga safu safu, mrudishie mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mashine za kisasa. Chapa ya bamba ina mistari mikali, wino umeinuka kidogo, na karatasi imebonyea kuizunguka picha. (Wajanja huuigiza huo mbonyeo, usiishie hapo.) Inyanyue kwenye mwanga: karatasi ya wakati ule huonyesha mistari ya wavu iliotengenezewa. Kisha igeuze. Kijani cha zamani kilitokana na shaba, nacho huila karatasi polepole hadi doa la kahawia linatokea mgongoni. Mimi hapo ndipo huanzia.

Picha za ndege na maua za karne ya 19 ni kesi nyingine: nyingi zilichapwa kwa jiwe bapa lililochorwa picha, si kwa bamba, kwa hiyo usizitafutie mbonyeo.