Ukikadiria joto la uani, anza na kuta

Wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza habari za upepo na joto la hewa. Nami huwauliza: ukisimama katikati ya huo ua ukatazama juu, anga unaiona kiasi gani? Usiku sakafu na kuta hupoa kwa kutoa mionzi ya joto kuelekea angani. Ua ukiwa mwembamba na kuta ni ndefu, sehemu kubwa ya mionzi hiyo hugonga ukuta wa ng'ambo, joto likabaki likizunguka humo humo. Ndiyo maana uwanja wa wazi huungua mchana kutwa, lakini ua uliobanwa ndio unaokawia kupoa.

Piga hesabu ndogo tu. Ukuta wa zege wenye nyuzijoto 60 hutoa wati 660 hivi kwa kila mita ya mraba; wenye nyuzijoto 30 hutoa kama 450. Tofauti hiyo huishia mwilini mwa aliyesimama karibu, na kipimajoto cha hewa kivulini hakikuonyeshi.

Kuhusu programu za kompyuta za kuiga joto la ua, ENVI-met hukokotoa hewa, mimea na kuta kwa pamoja, ila ina uzito wake: subira lazima. Kama swali lako ni wapi pawekwe kivuli, SOLWEIG, inayoshughulikia mionzi, hunitosha kabisa.

Joto la kuanzia la kuta unaloipa modeli, yaani huo mwigo wa kompyuta, ni la kubahatisha karibu kila mara. Zege ni zito kushika joto na zito kuliachia, kwa hiyo anzisha modeli siku moja nzima kabla ya siku unayoitaka, kisha matokeo ya siku hiyo ya kwanza yatupe. Kuta nene sana zitadai siku zaidi.

Halafu nenda kapime. Kamera ya joto husoma vizuri zege, tofali na rangi ya kawaida. Bati linalong'aa hulisomi. Unachokiona ni joto la anga au la ukuta wa mbele likiakisiwa na bati. Mimi hubandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, nangoja kilingane joto na bati, ndipo napima utepe.

Na rangi nyeupe? Hupoza ukuta, kweli. Lakini ndani ya ua jua lililoakisiwa humrudia mtu aliyepo, kwa hiyo kabla hujaishauri linganisha joto la ukuta na mionzi inayomfikia yeye, hasa saa sita mchana.